Amana ya Disiki Sita

Mdogo wangu Rajabu alifariki Muyinga mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyebaki wa kutoa vitu ndani ya nyumba yake. Sikulia sana. Nimewazika wengi, na ukifika umri wangu hata machozi yanataka kubembelezwa. Niligawa sufuria na mablanketi kwa majirani, nikafagia, nikapumzika, nikafagia tena. Halafu nikainama chini ya kitanda, na nyuma ya jembe na viatu visivyo na wenzao, nikavuta mzigo wa mraba ulioshonwa ndani ya kitambaa cha kaki. Kabla sijaupangusa nilijua ni nini. Kaki ile ilikuwa bado na harufu ya mafuta ya cherehani, hafifu sana, kama mtu aliyepita chumbani asubuhi. Nikakaa sakafuni na goti langu hili bovu, na sikuinuka mpaka mjukuu wangu Sada alipoingia kuuliza kama nimeanguka.

"Sijaanguka," nikamwambia. "Nimekutana na baba yangu."

Baba yangu, Fundi Yusufu, alikuwa mshonaji wa suti mjini Gitega. Tulikaa mtaa wa Musinzira, chumba cha mbele kikiwa cha cherehani na cha nyuma kikiwa cha watu. Aliwashonea makarani, walimu wa misheni, na Wazungu waliokuwa bado wapo. Mmoja wa Wazungu hao alikuwa bwana wa kahawa, mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo. Sisi tulimwita Musyu tu, yaani Bwana kwa Kifaransa, na jina lake hasa hata Baba hakulijua. Baba alimpenda kwa sababu alikubali kupimwa mara mbili bila kununa. Kwake yeye mtu asiyekuwa na haraka na futi alikuwa mtu wa kuaminika.

Bendera ya uhuru ilipokwisha kupandishwa, Wazungu wakaanza kufunga masanduku, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Mimi nilikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, na niliyaona mambo hayo kwa kimo cha meza ya kukatia nguo. Alasiri moja Musyu akasimama mlangoni kwetu amebeba kisanduku cha kijivu chenye mkono, na chini ya kwapa lake vitu bapa vimefungwa kamba.

"Fundi, we unichungie hii," akasema. Kiswahili alikijua, cha hapa hapa. "Mi narudia. Labda mwaka moja, labda mbili."

"Hakuna shida, Musyu," Baba akamjibu. "Siku utarudia, itakukuta."

Walishikana mikono.

Kisanduku kilikuwa gramafoni ya kutumia mawe, ndivyo tulivyoyaita mabetri, na vile vitu bapa vilikuwa sahani za santuri, sita, kila moja ndani ya ganda lake la karatasi ngumu. Disiki, tulisema. Baba hakuzifungua. Alizifunika na kipande cha kaki, akaziweka juu ya kabati, na kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na mtu mmoja zaidi, asiyekula.

Wa rika langu, hasa mliokulia katika nyumba za Kiislamu za mjini, hamhitaji kuelezwa amana ni kitu gani. Vijana ndio nawaeleza. Mtu akikuachia mbuzi, humnywi maziwa. Akikuachia kanzu, huivai hata siku ya harusi yako. Kitu kinakaa kwako lakini macho yako yanapita juu yake kama hakipo, mpaka mwenyewe arudi akikute kama alivyokiacha. Baba aliishi kwa jambo hilo moja. Vitambaa vya watu vilikuwa mikononi mwake kila siku, na hakuna aliyewahi kupungukiwa hata na kipande cha kufungia kidonda.

Lakini Baba alikuwa pia fundi, na fundi anajua kwamba mashine isiyozungushwa inakufa. Cherehani ukiiacha miezi mitatu, mafuta yanaganda na gurudumu linagoma. Jambo hilo likamsumbua. Alikaa nalo majuma kadhaa, kisha akaenda kwa maalimu wetu, mzee mpole aliyekuwa na duka la chumvi, akaniburuta na mimi kwa mkono. Nayakumbuka mazungumzo yao.

"Ndani ya hizo disiki, kuna mwanamke anaimba?" maalimu akauliza.

"Hapana. Hata mwanaume haimbi. Musyu aliniambia ni batu batatu tu banapiga vyombo."

"Hakuna maneno kabisa?"

"Kabisa."

Maalimu akakuna kidevu, akajibu na Kifaransa chake cha dukani, bon ya sawa na mais ya lakini. "Bon. Kama iko ya kuzunguka, basi uizungushe isikuharibikie. Mais usifanye ni starehe yako."

Baba akarudi nyumbani ametulia, na tangu hapo kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, wateja wakiwa kwao na mtaa umetulia, alishusha mzigo juu ya kabati. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Aliifuta kila disiki na kipande cha bitana laini, akikizungusha mduara mmoja, akaiweka, akainamisha ule mkono wenye sindano kwa pumzi iliyozuiwa. Kila disiki ilipigwa upande mmoja, Jumapili iliyofuata upande wa pili. Sisi tuliketi kwenye mkeka migongo imenyooka kama tumeenda kwenye matanga.

"We Zena, acha kuchezesha kichwa," aliniambia mara ya kwanza. "Hatusikilize. Tunachunga."

Mama, aliyekuwa na ulimi mwepesi, akashona midomo yake. Nilimwona mabega yakicheka.

Basi hivyo ndivyo nilivyojifunza muziki huo, kwa kutousikiliza. Sikujua kuwa watu huuita jazi, wala kwamba kuna wanaoujadili kwa vitabu. Nilijua maganda tu. Kwenye ganda la kijani walikuwa watu watatu weusi kama sisi, wamevaa suti, mmoja ameketi mbele ya kinanda kikubwa kilichofunguliwa kifuniko, mmoja amekumbatia gitaa la mbao refu kumzidi mwenyewe, mmoja nyuma ya ngoma ndogo na masahani ya shaba. Baba alilitazama ganda lile muda mrefu kuliko alivyotazama picha yoyote. Alipitisha kidole kwenye kola ya yule wa kinanda bila kuigusa.

"Angalia begani," alisema. "Haina mkunjo hata moja. Na ameinama. Huyu fundi wake si mchezo."

"Hawa ni batu ba wapi?" Mama akauliza.

"Ba mbali."

"Huyu wa gitaa anafanana na shangazi yangu wa Mwakiro," Mama akasema, na kweli alifanana.

Nami nikazifahamu sauti kwa akili yangu ya kitoto. Kinanda nilikielewa, kwa sababu misheni walikuwa nacho. Lakini zile nyingine mbili zilinipa kazi. Mpiga ngoma wa disiki ya kijani hakupiga kwa fimbo, alikuwa anapitisha kitu kama nyuzi juu ya ngozi, shwa, shwa, shwa, na kila asubuhi ya maisha yangu nilikuwa nimeamshwa na sauti hiyo hiyo: ufagio wa Mama uani. Nikajua, bila shaka yoyote, kwamba mtu yule anafagia. Na lile gitaa kubwa, dum, dum, dum, dum, lisilosimama wala kuharakisha, lilikuwa mtu anatembea chumba cha pili kwa viatu vizito. Basi ndani ya disiki kulikuwa na nyumba. Mmoja anafagia, mmoja anakwenda na kurudi, na mmoja anapiga kinanda kupitisha muda. Nyumba hufagiwa hivyo wakati gani? Wakati mgeni anakuja. Na kwa kuwa kila wimbo niliowahi kuusikia ulikuwa na mwimbaji, nikamaliza hesabu yangu: walikuwa wanamngoja mwimbaji, na mwimbaji alikuwa amechelewa.

Halafu nikamwongeza Musyu. Siku Musyu atakaporudi, niliwaza, mlango wa ile nyumba utafunguliwa, ufagio utanyamaza, na mtu ataimba. Kila Jumapili nilikaa pale nikisubiri aingie. Sikumwambia mtu. Nilipomwuliza Mama kama haoni yule anafagia, alisikiliza kidogo akasema, "Anafagia vibaya. Toka tumekaa hapa iko fasi moja tu."

Baba alikuwa wa kwanza kuvunja sheria yake mwenyewe, na aliivunja kwa mguu. Mguu wake wa kulia, ule wa cherehani, ulianza kwenda pole pole juu ya mkeka, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Hakujua. Siku nyingine akaanza kusema, kwanza kwa kujizuia, baadaye kama mtu anayemsifia mwenzake wa kazi.

"Munamsikia huyu wa chini?" Alimaanisha gitaa kubwa. "Huyu ndiye ameshika kitambaa. Akiachia, yule wa kinanda anashona hewa."

Au: "Ona anaacha nafasi. Angeweza kujaza hapo. Fundi mubaya ndiye anajaza kila fasi."

Jambo alilolipenda zaidi ni jinsi wimbo ulivyoanza na sauti nyepesi ya kufuatika, kisha mpiga kinanda akaiacha, akaingia vichakani, akapanda, akashuka, akapotea hata Mama akasema huyu sasa amesahau, na wale wawili wakiendelea tu kutembea na kufagia bila wasiwasi. Halafu, pale usipotegemea, anatokea barabarani na wimbo ule ule mkononi. Baba alikuwa anatoa pumzi kila mara ilipotokea, hata kwa disiki aliyoichunga mara thelathini. Nimewasikia baadaye watu wenye elimu wakizungumzia muziki huo, sijamsikia aliyenifundisha kitu ambacho Baba hakuwa amekisema akiwa amekaa kwenye mkeka ule.

Mawe yalikuwa ya shida. Yakianza kuchoka, Baba aliyapanga juani juu ya bati, na yalipopata moto yalifufuka kwa Jumapili moja au mbili. Yalipokataa, disiki ilizunguka kwa uvivu. Kinanda kilishuka kikawa kizito, yule wa kutembea akawa kama anapanda kilima na gunia, ufagio ukaburuta. Sehemu kubwa ya utoto wangu niliisikia disiki ya kijani hivyo, imechoka. "Banahitaji uji hawa," Mama alisema. Lakini mguu wa Baba ulipenda mwendo ule. Ulikuwa mwendo wa kushona koti zito, mshono mrefu, bila haraka. Mimi nikadhani kusubiri ndiko kulikowachosha, na nikawahurumia.

Musyu hakurudi mwaka wa kwanza, wala wa pili. Wazungu waliovaa suti walikwisha, makarani wakaanza kununua nguo zilizoshonwa tayari, na siku nzima ilipita Baba amekaa mbele ya cherehani anafuta gurudumu. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi akatuma habari kutoka Muyinga kwamba baraza ya duka lake haina mshonaji. Tukahama. Baba alizunguka Gitega nzima kuaga, na kwa watu watatu tofauti aliacha maneno hayo hayo: Musyu wa kahawa akija, mumuambie Fundi iko Muyinga, amana yake iko salama. Kwenye lori cherehani iliwekwa nyuma na viazi, Mama akambeba Rajabu mchanga, na Baba akapakata mzigo wa kaki njia yote. Kila shimo lilipokuja aliuinua kwa mikono.

"Akianguka mtoto, tutamuokota," Mama alisema. "Ikianguka ile, tunarudia Gitega kwa mguu kuomba samahani."

Muyinga tulizoea. Baraza ilikuwa na kivuli, watu wa Giteranyi walikuja na baiskeli siku za soko wakileta vitambaa vya ng'ambo ya mpaka, na kazi ikawepo. Mke wa mwenye duka, Mama Shirini, alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyezaliwa nchini kama sisi na kusema Kiswahili kama sisi. Jumapili moja sauti ikamfikia nyuma ya duka, akaja akasimama mlangoni amekunja mikono ndani ya shali yake.

"Fundi, kumbe we iko na gramafoni."

"Haiko yangu. Ni amana. Naizungusha tu isiharibike."

Baba alikuwa amemaliza upande mmoja, na kama kawaida akainua sindano na kutoa kwa kidole ule unyoya mweusi uliokuwa umejikusanya kwenye ncha. Alifanya hivyo tangu siku ya kwanza.

"Hiyo nyeusi unatoa," Mama Shirini akasema, "unajua ni nini?"

"Vumbi."

"Haiko vumbi. Ni disiki yenyewe. Sindano inakula. Kila mara unapiga, inakula kidogo. Mi nyumbani nilikuwa na disiki za filimu, nilizipiga mpaka zikabaki zinakohoa tu."

Baba alikitazama kidole chake. Bado nakiona: kidole cha shahada chenye alama za sindano, na juu yake kitu kidogo cheusi kama nywele ya kope.

"Kila mara?" akauliza.

"Kila mara. Mais si ndiyo kazi yake, Fundi? Disiki iko ya kupigwa."

Alisema kwa wema, akacheka, akarudi kwake. Baba hakucheka. Aliichukua disiki ya kijani akaipeleka dirishani, akaigeuza geuza kwenye mwanga. Mimi nikaenda kusimama ubavuni mwake. Weusi ulikuwa umepoteza mng'ao, umekuwa wa kijivu kama kaniki iliyofuliwa sana. Zile nyingine tano pia, kila moja kwa kiasi chake. Miaka mitatu ya Jumapili, mikono imenawiwa mpaka viwiko, tulikuwa tumekaa migongo imenyooka tukiila mali ya mtu.

"Nimemuharibia," Baba alisema. Hakuwa anasema na mimi.

Kesho yake, kabla ya kazi ya mteja yeyote, alitoa mawe kwenye gramafoni ili yasivuje, akapanga disiki, akazifunika kwa bitana, kisha kwa kaki mpya nzito, na akaishona kaki kuzunguka mzigo wote kwa mkono. Mshono wa nyuma, mdogo mdogo, sawa sawa, hakuna pa kupitisha hata ukucha. Sijaona mshono mzuri kama ule katika maisha yangu, na ulikuwa wa kufunga kitu. Alipomaliza aliukata uzi kwa meno.

"Sasa hata mimi," akaniambia. "Mpaka mwenyewe aje. Na akija nitamwambia nilichomfanyia."

Nyumba ikawa kimya Jumapili. Mnajua wenyewe miaka ya mauaji iliyofuata ilikuwaje, msinitake niirudie, sina nguvu hiyo. Nitasema tu kwamba Baba aliendelea kushona, na kwamba mara nyingine, akishona koti, mguu wake uliingia ule mwendo wa zamani, na mimi nikiwa nakata uzi pembeni nilijua yuko ndani ya ile nyumba inayofagiwa. Sikumtazama usoni nyakati hizo. Niliona haya kwa niaba yake.

Alipougua kifua nilikuwa msichana wa kwenda kisimani peke yangu. Alilala chumba cha mbele, karibu na cherehani, akitazama watu wakipita barazani. Alasiri moja Mama alikuwa amekwenda sokoni na Rajabu, nami nilikuwa nimeketi naye nikimpepea. Alikuwa mtulivu. Hakuwa na homa siku hiyo, nalisema hili kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba alikuwa na homa.

"Zena," akasema. "Kuna mawe ndani ya tochi?"

"Yako ndani."

"Leta mkasi. Fungua ile kintu. Unipigie ile ya kijani. Upande moja tu."

Nilisimama, nikauchukua mkasi wake mkubwa ukutani, nikaushusha mzigo. Niliweka ncha ya mkasi kwenye mshono. Kisha nikaona jinsi mshono ulivyo mzuri, na nikakumbuka uso wake dirishani, na yote aliyonifundisha yakasimama mbele yangu kama askari wa barabarani. Nilikuwa mtoto mwema. Hilo ndilo kosa langu, nilikuwa mtoto mwema sana.

"Baba," nikasema, "ni amana. Ulisema hata wewe."

Nilidhani atakasirika. Akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeshikwa na mwanafunzi wake.

"Ego," akasema. "Ni kweli. Urudishe."

Nikaurudisha. Nilijisikia mkubwa, nakiri, nilijisikia nimemlinda na aibu. Yeye aligeuza uso ukutani, na chini ya shuka niliuona mguu wake wa kulia ukienda kidogo, kisigino, vidole, mpaka ukaacha. Siku ya nne tukamzika.

Musyu hakuja. Labda alikuja Gitega akawakosa wale watu watatu, labda alikufa kwao, labda alisahau kabla ndege haijapaa. Mama alipoondoka duniani mzigo ukawa wa Rajabu, na Rajabu, ambaye hakukumbuka hata sauti moja kutoka ndani yake, aliuchunga kwa sababu aliambiwa auchunge. Alihama nao nyumba nne. Mimi niliolewa Gitega, nikazaa, nikazika, nikachoka, na kwa miaka yote hiyo kama redio ilipiga muziki wa kinanda na ule ufagio, niliinuka nikaizima.

Sada alinikuta sakafuni na mzigo mapajani. Nikamsimulia, si kwa urefu huu. Ana miaka kumi na minne, alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na anasema Kiswahili sanifu kama mtangazaji.

"Nikuletee mkasi, Bibi?"

"Hapana. Niletee sindano."

Nilifumua mshono mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano, na miwani yangu hii. Ilinichukua tangu adhuhuri mpaka jua lilipogeukia mlangoni. Uzi ulitoka mzima kabisa, nikauzungusha kwenye kidole. Ndani, bitana ilikuwa imeng'ang'ania gramafoni, na mpira wa kuzungushia umeyeyuka ukawa gundi. Ile haitazunguka tena. Ganda la kijani lilikuwa na doa la maji pembeni, lakini wale watatu bado wamevaa vizuri.

Sada akasoma yaliyoandikwa, akayaingiza kwenye simu yake, akasubiri. Ikatoka. Safi, bila kukohoa, kinanda kinaruka ruka kama mbuzi mchanga. Nilishtuka. Sikuitambua. Nilimwambia amekosea, siyo hii, hawa wana furaha, na hawa wanakimbilia wapi? Akanionyesha picha, ganda lile lile. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile uchovu ulikuwa wa mawe. Wao hawakuwahi kuchoka.

"Naweza kuipunguza mwendo," Sada akasema, akagusa kitu.

Sauti haikuwa nzito kama ya zamani, ila mwendo ulikuwa ule. Shwa, shwa, shwa. Yule wa chini akatembea ameshika kitambaa. Mpiga kinanda akaondoka, akaingia vichakani, na wenzake hawakuwa na wasiwasi. Nilisikiliza mlango wao, kwa mazoea. Hakuna aliyebisha. Na nilipokuwa nasubiri, mzee mzima, nikasikia jambo ambalo Baba alilisikia tangu Musinzira na mimi sikulisikia: hawakuwa wanamngoja mtu. Walikuwa wanasemezana, watatu, mmoja anasema kidogo na mwingine anamjibu, na ilikuwa inawatosha. Mpiga kinanda akatokea barabarani na wimbo wake. Nikatoa pumzi kwa niaba ya Baba, halafu nikalia, kilio ambacho Rajabu alistahili na hakukipata.

"Bibi, nizime?"

"Usizime. Tunasikiliza."

Kesho yake nikaishona tena kaki kwa uzi ule ule wa Baba. Mshono wangu unakwenda kama njia ya panya, angeufumua mbele yangu bila huruma. Pande tatu nimeshona, wa nne nimeuacha wazi, pa mkono kupita. Mzigo sasa uko kwangu, Gitega, juu ya kabati. Mtu yeyote akiniomba, hata asubuhi, hata nikiwa nimechoka namna gani, nitamfungulia, na sitamwambia kwamba ni amana.